Kumtafuta Babu Aliyevuka Bahari

Merikebu iitwayo Hector ilitweka tanga kutoka Loch Broom, kaskazini-magharibi mwa Uskochi, mwezi wa Julai 1773, ikiwa na abiria karibu 190, wengi wao wakulima wasemao Kigaeli. Ilitia nanga Pictou, katika Nova Scotia, tarehe 15 Septemba. Njiani dhoruba iliirudisha nyuma, na ndui na kuhara damu viliua watu 18, wengi wao watoto. Walikuwa wameahidiwa ardhi na chakula cha mwaka mzima. Walilolikuta ni msitu ulioshuka hata ukingoni mwa maji.

Wako watu wengi Kanada wajihesabuo kuwa wazao wa abiria hao, lakini atakaye kuithibitisha nasaba yake hupata taabu. Orodha iliyosalia haikuandikwa bandarini, bali miongo mingi baadaye, kwa kumbukumbu. Desemba ya mwaka ule ule, miezi michache tu baada ya Hector kuondoka, Hazina ya Uingereza iliamuru makarani wa forodha waandike jina, umri, kazi, makao na sababu ya kila mhamaji. Serikali ilihofia nchi isibaki bila watu. Haikuwa na nia ya kuwahurumia. Hata hivyo madaftari yale, yaliyokoma 1776, yamehifadhi kauli za wanyonge: kodi imepandishwa, ng'ombe wamekufa, nafaka ni ghali.

Taabu ya pili ni jina. "Mac" maana yake ni mwana, kama "bin" kwa Waswahili, na kijijini mtu alitambulishwa kwa baba na babu yake. Karani asiyejua Kigaeli akamwandika Donald Mackenzie, basi. Na akina Mackenzie wa Loch Broom ni wengi kama akina Juma wa Unguja. Eòghan mmoja aweza kuwa Ewen katika daftari moja na Hugh katika jingine. Mwanamke wa Kiskochi, hata akiolewa, aliandikwa kanisani na kaburini kwa jina la kwao. Ng'ambo aliandikwa kwa jina la mumewe, na hapo nusu ya ukoo hupotea.

Kwa waliohama katika karne ya kumi na tisa iko njia ambayo watafutaji wengi huipita bila kuiona, nayo ni kumfuata aliyebaki. Tangu Januari 1855 cheti cha kifo cha Uskochi hutaja baba na mama wa marehemu, mama kwa jina la ukoo wake. Aliyehama 1830 akafia Kanada hana cheti hicho. Dada yake aliyefia nyumbani 1860 anacho, na wazazi wa dada ndio wazazi wake.

Abiria wa Hector hawafaidiki sana na njia hiyo, kwa kuwa ndugu zao walikuwa karibu wote wamekwisha kufa kabla ya 1855. Yamebaki madaftari ya ubatizo, yenye mapengo mengi, na vitabu vya kodi ya mashamba. Humo mpangaji huonekana mwaka hata mwaka, kisha kwa shamba lile lile likaandikwa jina la mtu mwingine. Ikiwa mabadiliko hayo yametokea karibu na 1773, na kaburi lake halionekani, mtafutaji ana haki ya kugeuza uso kuelekea Pictou.