Alaimenti Ilianza na Farasi, Si na Kompyuta

Wasee wa gari za juu, hii ni yenu. Na nyinyi mnaobebwa nyuma mkienda Magadi pia, kwa sababu shingo zikivunjika ni zenu.

Stori inajulikana mtaani. Jamaa ana Land Cruiser ya miaka ya tisini, ile ya 80. Ameiinua inchi 2 au 3, akaweka tairi kubwa. Baadaye tairodi zikaanza kucheza, akashuka Grogan akanunua mpya. Amefanyiwa alaimenti, akaambiwa tairi zimenyooka. Lakini akifika 90 kwa lami, usukani unaelea. Akigonga shimo, mbele yote inatetemeka kama imepandwa na pepo. Anarudi alaimenti mara ya pili. Mara ya tatu anatukana fundi.

Mimi naona huyo fundi mara nyingi anaonewa. Gari ina shida mbili, na alaimenti ya kawaida inatibu moja tu. Hiyo moja ni ya zamani sana, kabla hata ya injini.

Magari ya farasi ya Ulaya yalikuwa na ekseli ya mbele iliyozunguka yote, kama mkokoteni wa kuvutwa. Ukikata kona kali, gurudumu linaingia chini ya gari, miguu ya kusimamia inapungua, gari inalala. Erasmus Darwin, daktari wa Lichfield huko Uingereza (ndiyo, babu ya yule Darwin), alikuwa akisafiri sana kuona wagonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1750 alibuni njia ya kufanya ekseli itulie na magurudumu yageuke peke yao. Hakuifanyia biashara. Mwaka 1816 fundi wa magari wa Munich, Georg Lankensperger, akafika pale pale kivyake. Rafiki yake Rudolph Ackermann, Mjerumani aliyeuza picha na vitabu London, akamsajilia hataza Uingereza mwaka 1818. Na dunia ikafanya kama kawaida yake: mpaka leo mpango huo unaitwa wa Ackermann. Lankensperger aliyeumiza kichwa, nani anamjua?

Ujanja wenyewe ni huu. Kwenye kona, gurudumu la ndani linazunguka duara dogo kuliko la nje, kwa hivyo lazima ligeuke zaidi. Fimbo inayounganisha magurudumu mawili ndiyo inapanga hiyo tofauti. Fimbo hiyo, buda, ndiyo tairodi yako. Ukiibadilisha, urefu wake ukipishana kidogo tu na wa zamani, tairi za mbele zinaanza kuangaliana au kupeana mgongo, na zinaliwa upande. Hapo alaimenti inasaidia kweli. Hata fundi wa jua kali mwenye chaki na tepu anaweza kupima umbali kati ya tairi kwa mbele, kisha kwa nyuma, akakupatia jibu zuri.

Hata Karl Benz ilimsumbua. Gari yake ya 1886 ilikuwa na magurudumu matatu, moja tu mbele, kwa sababu hakuwa ameridhika na njia za kugeuza mawili. Alisubiri hadi 1893 ndiyo akapata hataza yake ya usukani wa magurudumu mawili.

Sasa shida ya pili. Farasi hakimbii 100. Kwa mwendo wa kasi unataka gurudumu lijirudishe lenyewe katikati. Angalia baiskeli: uma wa mbele umelala kidogo kuelekea nyuma, ndiyo maana unaweza kuachilia mikono na bado ikaenda moja kwa moja. Gari nayo ina huo mlalo, mafundi wanauita kasta. Ni digrii chache tu, lakini ndizo zinashikilia gari barabarani.

Kwa Land Cruiser ya 80, ekseli ya mbele ni chuma kimoja, imeshikwa na mikono miwili mirefu iliyofungwa kwa chesisi. Ukiweka springi ndefu, chesisi inapanda, mikono inainama, na ekseli inazungushwa kwenda mbele. Kasta inaisha. Tairodi haihusiki hapo hata kidogo. Unaweza kuikaza na kuilegeza hadi Krismasi, mlalo haurudi. Unarudishwa na bushi zenye tundu lisilo katikati, au vyuma vya kushusha ile mikono. Hiyo ni spea ya kununua. Hakuna skrubu ya kuzungusha, na kwa maoni yangu anayeuza springi za kuinua bila kukuambia hivyo amekuuzia nusu ya kazi.

Kuinua pia kunasukuma ekseli upande. Ile fimbo inayozuia ekseli isiyumbe, panhadi, inazunguka kama mkono wa saa, kwa hivyo gari ikipanda, ekseli inavutwa kando. Panhadi ikiwa imeinama tofauti na fimbo ya kutoka boksi ya usukani, kila tuta linageuza gari kidogo bila ruhusa yako.

Kwa hivyo kabla ya kulipa tena, pima upepo wa tairi. Halafu gari ikiwa chini kwa matairi yake, mtu azungushe usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, wewe ukiwa umelala chini ukiangalia. Chochote kinachocheza kabla gurudumu halijasonga ndicho mgonjwa: bushi ya panhadi, kichwa cha tairodi, beringi. Shika hata hizo spea mpya, kwa sababu nati iliyosahaulika bila kukazwa inaleta ule mtetemo vizuri sana. Usidanganywe na shoki mpya ya usukani. Inanyamazisha dalili, ugonjwa unabaki.

Vitu vikishakaza, rudisha ekseli katikati. Kisha waambie wakusomee kasta, namba yenyewe, kushoto na kulia, uilinganishe na ya kiwanda. Ndiyo sasa mfike kwa tairodi. Usukani uliokaa kombo unanyooshwa mwisho kabisa, kwa ile fimbo ya boksi. Fundi akianza na huo, muulize kasta ni ngapi.