Anika, Anua: Kielezi Andamizi na Kiunganishi Kwenye Mwalo wa Kibirizi

Kwenye mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, dagaa waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa huanikwa kukicha. Wengine humwagwa mchangani, wengine hutandazwa juu ya chanja. Baada ya hapo kazi kubwa ni kutazama mbingu, maana dagaa aliyeanza kukauka akanyeshewa hupoteza bei, na mara nyingine hupotea mwenyewe. Wingu likitanda juu ya ziwa, neno linalohitajika ni moja tu: anueni!

Mtu anayetaka kulisema neno hilo kwa Kiingereza itambidi aseme "bring them in", na kama dagaa walikuwa ndani tangu mwanzo ataongeza neno jingine, "bring them back in". Maagizo kamili ya asubuhi yatakuwa hivi: "Spread them out, and if it clouds over, bring them back in." Hayo ni maneno kumi na mawili, na sita kati yake, ukiacha viwakilishi, ni vijineno visivyozidi herufi nne: "out", "and", "if", "over", "back", "in". Kwa Kiswahili maneno ni manne: waanike, wingu likitanda, waanue.

Vile vijineno sita vimekwenda wapi? Swali hili linastahili kuulizwa kwa makini, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi wa Kiingereza wanapokwama na ndipo tafsiri nyingi za Kiswahili zinapoharibika. Viwili kati yake, "and" na "if", ni viunganishi, na istilahi hiyo haina mgogoro: inatokana na kuunga, kuungana, kuunganisha, na kila mwanafunzi aliyepita darasa la sarufi anaijua. Vinne vilivyobaki Waingereza huviita "adverb particles". Ni vielezi vifupi vinavyokifuata kitenzi na kukiongezea mwelekeo au ukamilifu. Kwa vielezi hivyo Kiswahili hakijawa na jina moja lililozoeleka madarasani.

Mtu angeweza kukimbilia "chembe", lakini chembe imeshachukuliwa na wanafizikia, tena haielezi lolote juu ya kazi ya neno. "Kielezi ambatani" kinapendeza masikioni, ila nomino ambatani ni nomino iliyoundwa kwa maneno mawili, kama mwanahewa au batamaji, na msomaji atadhani anaambiwa habari za kielezi cha aina hiyo. Makala hii inapendekeza "kielezi andamizi". Kuandama ni kufuata. Kweli, neno mwandamizi siku hizi limepanda cheo, afisa mwandamizi ni mkubwa na si mfuasi, lakini mzizi wake bado uko hai. Mwezi huandama, na Ujiji, mji wa Waislamu wa tangu enzi za misafara, hakuna asiyejua maana ya mwezi kuandama. Wavuvi nao wanaufuatilia mwezi kwa sababu yao: unapokuwa mpevu taa hazivuti dagaa, na mitumbwi hupumzika hadi giza lirudi. Kielezi andamizi, basi, ni kielezi kinachokiandama kitenzi.

Turudi kwenye swali. Viandamizi vya Kiingereza havikupotea kwa Kiswahili. Vimo ndani ya kitenzi. Kutoka ni "go out", kuingia ni "go in", kupanda ni "go up", kushuka ni "go down", kurudi ni "go back". Zaidi ya hayo Kiswahili kina mnyambuliko unaogeuza tendo liwe kinyume chake: anika na anua, pakia na pakua, chomeka na chomoa, kunja na kunjua, fukia na fukua. Kiingereza hubakiza kitenzi kilekile kikabadilisha kiandamizi, Kiswahili hubadilisha mwisho wa kitenzi.

Viunganishi navyo mara nyingi huingia ndani ya kitenzi. "If" imekuwa -ki- katika likitanda, na "and" huwa -ka-. Mfano mzuri uko bandarini Kigoma, katika historia ya meli ya Liemba. Msimulizi wa Kiingereza angesema meli ile "was taken apart and packed up", kisha "was put back together", halafu "went down", na baadaye "was brought back up". Kwa Kiswahili: meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikakongolewa, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa reli, ikaunganishwa upya Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Vitenzi vya masimulizi ni kumi, na "na" ni moja tu, iliyotangulia tendo la mwisho ili msikilizaji ajue kisa kimefika mwisho. Mwandishi anayetafsiri neno kwa neno angeandika "ilizama chini na ililetwa tena juu". Sentensi hiyo inaeleweka, lakini hakuna mtu wa Kigoma atakayeisema. Sikio la Kiswahili linataka "ilizama, ikaibuliwa". Zaidi ya hilo, siku hizi magazeti yana mtindo wa "alifika na akasema", ambapo "na" na -ka- vinafanya kazi moja. Kimoja kinatosha.

Hata hivyo si kweli kwamba Kiswahili hakina viandamizi vyake. "Kaa chini" husemwa kila siku, na mkaaji hana pengine pa kukaa. "Toka nje" ni vilevile. Walimu wengine huvikata kwa wino mwekundu wakisema ni marudio yasiyo na haja. Wanakosea. "Toka" peke yake kwa mgeni ni matusi, "toka nje" kidogo ina nafuu. Kiandamizi kimebadilisha uzito wa kauli. Na pale Kiingereza kinapotumia "up" au "out" kuonyesha tendo limekamilika, kama katika "fill up" na "dry out", Kiswahili kina hazina ambayo Kiingereza hakiifikii: boti imejaa pomoni, dagaa wamekauka kau, mvuvi aliyekesha amelala fofofo. Maneno haya huandama vitenzi vyake tu, na mtu hawezi kusema boti imejaa fofofo. Kama kuna mahali istilahi ya kielezi andamizi inakaa kama kidole na pete, ni hapa.

Viandamizi vya Kiingereza vikiunganishwa vyenyewe kwa vyenyewe huwa na mpangilio uliogandishwa: "up and down", "in and out", na ole wake anayegeuza. Kiswahili nacho kina migando yake. Waingereza mara nyingi husema mchana kwanza, usiku baadaye. Waswahili husema usiku na mchana, kwa kuwa siku yao huanza jua linapozama, ndiyo maana usiku wa kuamkia Ijumaa ni usiku wa Ijumaa. Kwa mvuvi wa dagaa, ambaye kazi yake huanza magharibi, mpangilio huo ndio sahihi hata bila sarufi.

Kuna jambo moja linaloonyesha kwamba mpaka kati ya kielezi na kiunganishi haukujengwa kwa mawe. Ng'ambo ya ziwa, Uvira na Kalemie, na vilevile katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, inayohifadhi Wakongo tangu mwaka 1996, husikika sentensi kama "sikuja juu mvua ilinyesha". Kwa Mtanzania aliyezoea Kiswahili sanifu, "juu" ni kielezi cha mahali. Hapo imekuwa kiunganishi chenye maana ya kwa sababu. Nairobi vijana husema vivyo hivyo. Si uharibifu wa lugha. "Kisha" ilikuwa kitenzi cha kwisha kabla haijawa kiunganishi. "Halafu" ilitoka kwenye Kiarabu ikiwa na maana ya kuja nyuma. "Lakini", "hata" na "bali" nazo ni za Kiarabu, zikaenea hadi Ujiji kwa njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora. Kiingereza chenyewe kimefanya hivyo: "since" ilianza na wakati ikaishia kwenye sababu.

Mtoto wa Kigoma anayeingia kidato cha kwanza hukutana na masomo mengi kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza, na vitabu vyake vimejaa "find out", "carry on" na "write down", maneno ambayo kila moja analijua na yakikaa pamoja hayajui. Akiambiwa akariri orodha, atakariri na kusahau. Akionyeshwa kwamba lugha yake mwenyewe hufanya kazi hiyohiyo ndani ya kitenzi, atakuwa na pa kuanzia. Watunga kamusi wetu, watakapofika kwenye "bring in", wasiishie kwenye "leta ndani". Waiweke na anua.