Soko la Hewa Ukaa na Ubunifu wa Kiteknolojia Katika Biashara: Historia Fupi ya Rusizi, 1984–2023

Utangulizi

Wachumi wengi hushikilia kwamba uchafuzi ukitiwa bei, biashara hutafuta teknolojia mpya ili kukwepa gharama hiyo. Barani Ulaya, ambako soko la vibali vya hewa ukaa lilifunguliwa mwaka 2005, dai hilo lina ushahidi: Calel na Dechezleprêtre (2016) walibaini kwamba kampuni zilizowekewa ukomo ziliongeza hataza za teknolojia zenye kaboni ndogo kwa takriban asilimia 10. Makala haya yanachunguza iwapo nadharia hiyo inaeleza yaliyotokea Rusizi, katika eneo la uliokuwa mkoa wa Cyangugu. Hoja kuu ni kwamba huko soko lilifika jikoni bila kufika kiwandani.

Tanuri la Bugarama

Kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilianza uzalishaji mwaka 1984 huko Bugarama. Kilitumia mchakato wa majimaji, ambapo malighafi husagwa kuwa tope, na joto jingi hupotea katika kulikausha. Mwaka 2015 kilizinduliwa kiwanda kipya cha mchakato mkavu, chenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka na kinachohitaji nishati kidogo zaidi kwa kila tani. Hayo ndiyo mageuzi makubwa zaidi ya kiteknolojia katika viwanda vya wilaya hiyo.

Hata hivyo, bei ya hewa ukaa haikuyasukuma. Chini ya Itifaki ya Kyoto, Rwanda haikuwa na wajibu wa kupunguza uzalishaji, na viwanda vyake havikuwekewa ukomo. Kilichosukuma ni mahitaji ya saruji, gharama ya nishati na mtaji wa kampuni ya PPC ya Afrika Kusini, iliyonunua asilimia 51 ya hisa. Pale ambapo kaboni haina bei, akiba ya nishati na akiba ya hewa ukaa huweza hata kupishana. Mboji ya vinamasi, iitwayo nyiramugengeri kwa Kinyarwanda, ilitumika kiwandani badala ya mafuta mazito yaliyoagizwa kutoka nje. Pia ndiyo iliyoendesha kituo cha umeme cha Gishoma, chenye uwezo wa megawati 15. Kwa viwango vya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi vya mwaka 2006, mboji hutoa kilo 106 za hewa ukaa kwa kila gigajuli, ilhali mafuta mazito hutoa kilo 77.4. Uamuzi uliookoa fedha za kigeni uliongeza kaboni, wala hapakuwa na bei ya kuuhoji.

Majiko na vichujio

Soko lilifika kwa njia nyingine. Mwaka 2014, kampuni ya DelAgua kwa ushirikiano na Wizara ya Afya iligawa majiko sanifu ya kuni na vichujio vya maji kwa zaidi ya kaya 100,000 maskini katika Mkoa wa Magharibi, ambamo Rusizi imo. Gharama zilitarajiwa kufidiwa kwa mauzo ya hati za hewa ukaa. Kichujio nacho kilihesabiwa, kwa kuwa kiliondoa haja ya kuni za kuchemshia maji.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, majiko na vichujio vilibuniwa ng'ambo. Ubunifu wa hapa nyumbani ulikuwa katika usambazaji na upimaji: wahudumu wa afya ya jamii walifundisha kaya na kurekodi matumizi kwa simu. Hilo si ajabu, kwani soko hulipia kile kinachothibitika. Pili, bei haikuwa tegemeo imara. Hati zilizouzwa kwa zaidi ya yuro 20 mwaka 2008 zilishuka chini ya yuro 1 kufikia mwisho wa 2012. Kuanzia 2013, Ulaya ilipokea hati za miradi mipya kutoka nchi zenye maendeleo duni pekee. Rwanda ikabaki na mlango wazi, lakini sokoni bei ilikuwa imekwisha kuanguka.

Lugha na haki

Hati hutolewa kwa sharti kwamba haki ya akiba iliyopatikana jikoni ihamishiwe mwenye mradi. Anayehamisha haki anapaswa kuelewa anachohamisha. Kiswahili, lugha ya biashara katika mpaka wa Rusizi na Bukavu, kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Lakini istilahi kama “hati”, “kibali” na “ukomo” bado hutumiwa kwa kuchanganywa. Mkanganyiko huo si wa wanaisimu peke yao: “kibali” humruhusu mwenye kiwanda kuchafua, ilhali “hati” huthibitisha kwamba mtu fulani amepunguza uchafuzi.

Hitimisho

Historia ya Rusizi haikanushi nadharia. Inaonyesha mipaka yake. Bei isiyomfikia mwenye tanuri haiwezi kubadili tanuri, na bei isiyotabirika hununua vifaa vilivyo tayari badala ya kukuza karakana. Rwanda ilipozindua mfumo wake wa soko la kaboni huko Dubai mwezi Desemba 2023, ilipata nafasi ya kurekebisha hayo. Inapendekezwa kwamba mikataba ijayo itenge sehemu ya mapato kwa mafundi wa ndani, iingize saruji na mboji katika hesabu, na iandikwe kwa lugha ambayo mwenye jiko anaielewa kabla hajatia sahihi.