Vuta, kokota, buruta, fungasa: lugha ya gari moja kuvuta jingine

Gari linapoharibika njiani na kufungwa nyuma ya jingine, Kiswahili kina vitenzi vinne vinavyogombania tendo hilo: vuta, kokota, buruta (pia burura) na fungasa. Mara nyingi vitenzi hivi huorodheshwa pamoja, vikitenganishwa kwa mkato tu, kana kwamba mfasiri anaweza kuokota chochote kilicho karibu. Katika hadithi huenda asidhurike. Katika maandishi ya sheria, au katika kitabu cha maelekezo ya gari, uteuzi wa kitenzi unaweza kubadilisha kile ambacho msomaji atakwenda kukifanya barabarani.

Vuta ndicho kitenzi kipana kuliko vyote. Hueleza kwamba nguvu inaelekea upande wa mvutaji, basi. Hakisemi kinachovutwa kinasogea vipi, wala kwa taabu kiasi gani. Ndiyo maana pumzi huvutwa, kamba huvutwa na sigara huvutwa. Kwa kuwa hakijaegemea popote, ndicho kinachofaa zaidi katika matini rasmi, na ndicho pia watu wengi wanachokitumia: «Gari limezimika, tafuta mtu atuvute.»

Kokota huongeza uzito na mwendo wa taabu. Punda hukokota mkokoteni, na mgonjwa hukokota miguu. Mwandishi wa habari akisema lori lilikokotwa hadi gereji, amesema vizuri, kwa kuwa anataka tuuhisi mzigo. Kanuni ya barabarani haina haja ya hisia hiyo: gari dogo lililo tupu likivutwa kwenye lami tambarare hufungwa na sheria ileile.

Buruta hudai msuguano. Kinachoburutwa kinagusa ardhi na aghalabu huacha alama. Gari linaloburutwa, kwa maana halisi, ni lile ambalo magurudumu yake yamegoma kuzunguka, au ambalo sehemu ya bodi yake inalamba barabara. Kwa hiyo mfasiri anayeandika «usiliburute gari hili» akikusudia kukataza kulivuta amekataza jambo jingine kabisa. Msomaji makini atahakikisha magurudumu yanazunguka vizuri, kisha atalivuta kwa moyo mweupe.

Fungasa ni neno la baharini. Chombo kilichofungwa nyuma ya kingine, kwa mfano tishali nyuma ya meli, kimefungasiwa. Uhusiano wake na funga unalifanya livutie, na wapo wanaopendekeza lihamishiwe nchi kavu liwe istilahi ya magari. Sioni ubaya wa neno, ila dereva aliyesimama kando ya barabara usiku hahitaji kujifunza neno jipya wakati huo.

Baada ya kitenzi, yapo mambo matatu ambayo Kiswahili hakina budi kuyatenganisha waziwazi: gari kuvutwa magurudumu yote manne yakiwa chini, gari kuinuliwa upande mmoja huku upande mwingine ukizunguka, na gari kupakiwa lote juu ya lori. Mazungumzo ya mjini huyafunika yote kwa kusema «tumelivuta na brekidauni». Kitabu cha maelekezo hakiwezi kufanya hivyo, hasa kwa gari la gia otomatiki. Katika giaboksi nyingi za aina hiyo, pampu inayosukuma mafuta huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayopokea nguvu ya injini yakaendelea kuzungushwa na barabara, vyuma vya ndani huzunguka bila mafuta ya kutosha, hupata joto na kuharibika. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Afrika Mashariki kutoka Japani ni ya otomatiki, kwa hiyo onyo hili linawahusu wasomaji wetu wengi. «Lisivutwe» peke yake halitoshi. Tafsiri iliyo salama itasema: «Gari hili lisivutwe magurudumu yanayozungushwa na injini yakiwa chini, yainuliwe, au gari lote lipakiwe juu ya lori.» Ni ndefu, lakini haina mlango wa nyuma.

Tatizo linalofuata ni dogo kwa umbo: kiambishi cha kutendwa, -w-. «Gari linalovuta» na «gari linalovutwa» hutofautiana kwa sauti moja tu, na sauti hiyo imejificha karibu na mwisho wa neno. Darasani hilo si tatizo. Katika maagizo yanayosomwa kwa simu, upepo ukivuma na malori yakipita, ni tatizo kubwa, kwa sababu kazi za madereva wawili hazifanani. Pendekezo langu ni kwamba kanuni ziendelee na jozi ya vuta/vutwa kwa ajili ya usahihi, bali maagizo ya usalama yaseme «gari la mbele» na «gari la nyuma».

Sasa tuje kwa aliyekaa kwenye gari la nyuma. Je, anaendesha? Kwa umbo, endesha ni kitendeshi cha enda: kukifanya kitu kiende. Huyu halifanyi gari liende. Anashika usukani na kukanyaga breki. Mwanafunzi anaweza kuhitimisha kwamba si dereva, na mofolojia itamuunga mkono. Sheria ya Uingereza haimuungi mkono. Mwaka 1980 mahakama ya huko iliamua kwamba mtu aliyekuwa amezuiwa kuendesha, akakaa kwenye usukani wa gari lililovutwa kwa kamba, alikuwa anaendesha. Mwaka 1974 ilikuwa imeamua kinyume kuhusu mtu aliyesukuma gari kwa bega, miguu yote miwili ikiwa chini, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Kilichotazamwa ni kiasi cha udhibiti alichokuwa nacho mtu huyo, na pia kama maana ya kawaida ya neno inaweza kunyooshwa hadi kufika hapo. Kwa sababu hiyo mfasiri asiandike «mtu aliyekaa katika gari linalovutwa» au «abiria». Aandike «dereva wa gari linalovutwa», maana ndani ya neno dereva mna leseni, mna wajibu na mna adhabu.

Kanuni za Uingereza za mwaka 1986 zinatupa mfano mzuri wa lugha ya vipimo. Umbali kati ya gari na gari, likivutwa kwa kamba au mnyororo, usizidi mita 4.5. Ukizidi mita 1.5, kamba au mnyororo huo uwekewe alama ya kuufanya uonekane na watumiaji wengine wa barabara kutoka pande zote mbili. Kitambaa cha rangi kali hutumika sana. Hapa pana mtego. Kinachopimwa ni nafasi iliyo baina ya sehemu za magari zilizo karibu zaidi, si urefu wa kamba iliyonunuliwa dukani, kwa hiyo «kamba isizidi mita 4.5» ni tafsiri potofu. Na mipaka hii ni ya Uingereza. Anayeandikia wasomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aitazame sheria ya kwao kabla ya kuweka tarakimu yoyote.

Katika maagizo yenyewe, epuka «kaza kamba». Anayefunga atakaza fundo, ilhali mwandishi alitaka gari la mbele lisogee. Andika: «Gari la mbele lisogee polepole mpaka kamba inyooke, ndipo liongeze mwendo.» Kamba iliyolegea ikinyoshwa kwa ghafla hukatika, au hung'oa chuma ilichofungiwa na kukirusha. Vilevile «hakikisha usukani unafanya kazi» ni agizo hafifu. Lililo wazi ni «geuza ufunguo mpaka usukani ujifungue», likifuatiwa na tahadhari kwamba injini ikiwa imezimwa breki huwa ngumu na usukani huwa mzito, hivyo dereva wa nyuma akanyage mapema na kwa nguvu zaidi ya alivyozoea.

Kuhusu upatanisho: katika Kiswahili sanifu gari ni la ngeli ya LI-YA, ingawa wengi husema «gari inavutwa». Katika maagizo yanayotaja gari, kamba na breki kwa pamoja, li- ina faida ya ziada. «Likikatika» haliwezi kuwa kamba, na «ikikatika» haiwezi kuwa gari.