Oklo: Kinu Kilichochimbwa Kikaisha

Masimulizi mengi kuhusu Oklo huanzia Ufaransa, katika maabara ya Pierrelatte, mwaka 1972, kana kwamba mwamba wenyewe ulizaliwa juu ya meza ya wapimaji. Oklo, hata hivyo, ni machimbo ya Gabon, karibu na Mounana katika mkoa wa Haut-Ogooué, ambako kampuni ya COMUF ilianza kuchimba urani mwaka 1961, na masimulizi yanayoitaja Gabon kama anwani ya shehena tu hayaitendei haki.

Kisa chenyewe kinatokana na tarakimu ndogo. Urani ya asili ni mchanganyiko wa isotopu, yaani atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito, na urani-235, ambayo kiini chake hupasuka kwa urahisi kinapopigwa na nyutroni, huwa asilimia 0.7202 ya jumla, iwe imetoka katika mwamba wa dunia au wa mwezini. Kipimo hicho hupatikana kwa spektrometa ya masi, chombo kinachozitia atomu chaji ya umeme na kuzipitisha katika uga wa sumaku, ambamo zile nyepesi hupinda zaidi kuliko nzito, kila aina ikahesabiwa mahali pake. Sampuli iliyotokana na madini ya Gabon ilitoa 0.7171. Wapo wanaouita ugunduzi huu bahati, jambo lisilokubalika, kwa maana mtu asiye makini angeipuuza tofauti hiyo; na shehena zilipokaguliwa moja baada ya nyingine, upungufu wote ulifikia takriban kilo 200 za urani-235.

Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba madini yalichanganyika na mabaki ya vinu vya nyuklia vya kisasa, lakini urani-236, ambayo huzaliwa ndani ya vinu hivyo, haikuonekana. Ushahidi uliomaliza ubishi ulitoka kwa neodimi, metali inayobaki baada ya mpasuko: isotopu yake ya 142, ambayo mpasuko hauizai na kwa kawaida ni asilimia 27, Oklo ilikuwa chini ya 6. Septemba 1972 mwanafizikia Mfaransa Francis Perrin alitangaza kwamba mwamba huo uliwahi kuwa kinu cha nyuklia, kama mwanakemia Paul Kuroda alivyoonyesha mwaka 1956 kuwa yawezekana. Takriban miaka bilioni 2 iliyopita urani-235, ambayo huoza upesi kuliko urani-238, ilikuwa zaidi ya asilimia 3, na maji yaliyopenya mwambani yalipunguza kasi ya nyutroni hadi mpasuko ukaendelea wenyewe; yalipochemka na kutoweka, kinu kilizimika, kisha kikawaka tena yaliporudi. Wanaodai kuwa ni kazi ya ustaarabu uliopotea hawana haja ya kujibiwa kwa kirefu, maana jiolojia inatosha.

La kusikitisha ni yaliyofuata. Kanda zaidi ya kumi za vinu zilitambuliwa, nyingi zikachimbwa na kuuzwa kama madini mengine, na machimbo yakafungwa mwaka 1999. Bangombé, kusini-mashariki mwa Oklo, kilibaki kinu kimoja kilicho karibu na uso wa ardhi, ambako maji yanaendelea kukila. Tangu 2019 kipande cha mwamba wa Oklo kinaonyeshwa Vienna, katika jumba la makumbusho ya historia asilia.