Usimbloki Bado: Tiki za Bluu Husema Nini Hasa?

Umemtumia "uko wapi?" saa mbili usiku. Tiki mbili, zikageuka bluu, halafu kimya. Saa nne bado kimya, na hapo juu unaona yuko onlaini. Kufikia saa sita ushaunda muvi nzima kichwani: ana mtu mwingine, amekuchoka, ama ni ile doo ulimwomba ndiyo inafanya akuhepe.

Tulia kwanza msee. Hizo rangi zinasema kitu kidogo sana kuliko vile unafikiria.

WhatsApp ilianza 2009, na miaka ya kwanza hakukuwa na bluu yoyote. Zilikuja Novemba 2014, watu wakapiga kelele noma, na mwezi huo huo kampuni ikaanza kuleta njia ya kuzizima. Tiki moja ya kijivu ni mesej imetoka kwako. Mbili za kijivu, imefika kwa simu yake. Mbili za bluu, chati yenu imefunguliwa. Imefunguliwa, basi. Simu haijui kama ni yeye ameifungua ama ni mtoto wa dadake anaichezea. Akiacha chati yako wazi kwa skrini ya kompyuta kazini aende kuitwa na bosi, mesej inaweza kugeuka bluu kabla hajaiona.

Kijivu nayo hudanganya. Mtu anaweza kusoma mesej yako yote pale juu kwa notifikesheni, asiifungue, na wewe unasema "maskini, hajaona."

Kwa grupu ndio kuna moto. Huko tiki hazigeuki bluu mpaka kila mtu asome, lakini ukifinyilia mesej yako utaona majina ya walioisoma. Sasa fikiria ile grupu ya bili ya hospitali. Mweka hazina anabandika orodha kila jioni: jina, kiasi, jina, kiasi. Binamu yako amesoma tangu Jumatatu na hajatuma hata soo. Watu wanaanza kumwongelea kwa inbox. Labda binamu hana, kazi iliisha mwezi jana na hajaambia mtu. Kuandika "sina" mbele ya watu 150, wakiwemo wazee wa kwenu, si mchezo. Kwa hivyo anasoma, ananyamaza, na kesho anasoma tena. Huyo hajakataa familia. Lakini orodha haina mahali pa kuandika hiyo.

Enzi za kuflash, mtu asipokupigia ulisema hana kredo, ama simu iko kwa duka inachajiwa. Ulimpatia nafasi hata kama alikuwa anakuhepa kweli. Tiki za bluu zimetoa hiyo nafasi na hazijaleta jibu. Msee amefiwa, ama kichwa chake hakiko sawa, anaweza kufungua mesej kumi na akose nguvu ya kujibu hata moja. Kwako inaonekana madharau.

Ukitaka kuzizima, ingia mipangilio, sehemu ya faragha, uzime ripoti za kusoma. Kuna bei: na wewe hutaona za wengine. Kwa grupu hazizimiki, na voisi noti ukiisikiliza aliyeituma atajua tu. (Na ukifuta mesej, inaacha alama kwamba imefutwa. Hiyo imevunja mahusiano kuliko mesej zenyewe.)

Kama ni manzi mmeonana mara moja na siku mbili hajajibu, sawa, hiyo soma hivyo. Lakini kama ni beshte wa miaka, ama ndugu, usimtumie alama tano za kuuliza. Piga simu ya kawaida, ile ya kredo. Ikiwa imezimwa, uliza mtu anakaa naye. Akishika, usianze na "mbona uliniwekea bluu." Muulize amekula.