Kaseti ya GoldenEye 007
Uingereza, 1997

Kaseti hii ya plastiki ya kijivu huchomekwa kwenye mashine ya Nintendo 64. Gemu iliyomo, inayofuata filamu ya James Bond ya 1995, iliundwa na kampuni ya Rare kijijini Twycross, chini ya Martin Hollis. Wengi wa kikosi chake hawakuwahi kuunda gemu kabla ya hapo. Gemu yote ilienea katika megabaiti 12. Watu wanne walicheza kwenye televisheni moja, skrini ikigawanywa vipande vinne, na hapo ndipo ndugu walipogombana.

Wakusanyaji wa London huitafuta kwenye maduka ya mitumba na kwenye masoko ya wikendi, watu wanapouza vitu vyao kwenye buti za magari. Kaseti yenyewe si adimu: ziliuzwa zaidi ya milioni 8. Kinacholipiwa ni boksi la karatasi, ambalo watoto wengi walilitupa siku ileile. Mnunuzi aangalie pia nchi ilikotoka, kwani kaseti ya Uingereza haiwaki kwenye mashine ya Marekani.

Ukiwa nayo nyumbani, usiipulize kwa mdomo. Unyevu wa pumzi huharibu meno yake ya chuma. Yasafishe kwa pamba na spiriti.